MAONI: Kabla ya vigae na TV ya ukutani, wekea wazazi kinga ya radi

Tuongee ukweli kidogo. Ukipata kazi Nairobi, Nakuru au Mombasa na mambo yakaanza kukunyookea, kitu cha kwanza unachowaza baada ya kujipanga kejani ni kwenu ocha. Unataka mama atoke kwenye ile nyumba ya zamani. Unatuma pesa za mawe, za saruji, za yale mabati ya rangi. Kuta zikisimama unaongeza vigae, dari ya jipsamu na TV ya inchi 55 ili mzee atazame taarifa ya habari kama watu wengine. Picha zinaingia kwa grupu ya familia, shangazi wanamimina baraka, na wewe unalala ukijua umefanya kazi ya mtoto.

Sasa niambie: kwa ile orodha ya vifaa ambayo fundi alikutumia, kulikuwa na mstari hata mmoja kuhusu radi?

Karibu kila mtu atajibu kwamba haukuwepo. Na kama kwenu ni Kisii, Nyamira, Kakamega, Vihiga, Bungoma, Homa Bay au popote pale ukanda wa Ziwa Victoria, hilo ni pengo kubwa kuliko kukosa dari. Hoja yangu ni moja tu. Kinga ya radi si anasa ya magorofa ya Upper Hill. Ni sehemu ya nyumba kama vile mlango, na sisi vijana ambao siku hizi ndio tunatoa pesa za ujenzi ndio tunafaa kuilipia, na kuidai pale tusipoweza kuilipia wenyewe.

Kwa nini ukanda wa ziwa hasa? Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita 68,000 mraba. Mchana, jua huipasha nchi kavu joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi kavu inapanda, na upepo wenye unyevu unatoka ziwani kuja kujaza nafasi. Upepo huo ukifika vilima vya Gusii, Nandi na Kakamega unasukumwa juu zaidi na kugeuka mawingu meusi. Ndiyo maana asubuhi inakuwa jua kali, halafu ikifika saa tisa au saa kumi mbingu zinapasuka. Usiku mambo yanageuka: upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, na dhoruba zinawakuta wavuvi wakiwa majini.

Hebu angalia hizo saa tena. Saa tisa, saa kumi. Huo ndio wakati watoto wako darasani au njiani kurudi nyumbani, mama yuko shambani au jikoni, na vijana wa boda wamejibanza chini ya mti kungoja mvua ipungue. Radi inakuja wakati kijiji chote kiko macho na kiko kazini.

Majirani zetu wameshalipa bei ya kutojali. Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Wanafunzi 18 na mwalimu wao walikufa, na walikuwa ndani ya darasa, hawakuwa uwanjani. Machi 2018 ikawa zamu ya Rwanda, ambako watu wapatao 16 waliuawa na radi kanisani katika wilaya ya Nyaruguru. Novemba 2024, watu 14 walikufa katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, wakiwa wamekusanyika kwa ibada. Shule, kanisa, ibada. Watu walikuwa mahali ambapo kila mzazi angesema, “Ingia ndani, huko ni salama.”

Hapo ndipo kuna jambo ambalo wengi hatulijui: kuwa ndani ya jengo hakutoshi. Inategemea ni jengo gani.

Radi ni umeme unaotafuta njia ya kufika ardhini. Hauna chuki na mtu, wala hauchagui ukoo. Lakini ni umeme wa kiwango ambacho kichwa chako hakijazoea. Plagi ya TV yako ina fyuzi ya ampea 13. Radi ya kawaida hubeba takriban ampea 30,000, na joto la mahali inapopita linaweza kufika nyuzijoto 30,000 za Selsiasi, yaani karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Umeme huo ukitua juu ya paa lako na usipate njia ya moja kwa moja, utajitengenezea yake. Utaruka kutoka kwenye mabati hadi waya wa stima, kutoka waya hadi soketi, kutoka ukutani hadi kwa mtu aliyeegemea ukuta. Kisha utasambaa ardhini na kumpata mwingine aliyesimama hatua chache kutoka hapo. Ndiyo maana ng'ombe watano waliojikinga chini ya mti mmoja hufa wote pamoja. Miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, kwa hivyo mkondo ulio ardhini unapanda mguu mmoja na kushukia mwingine.

Kuna watu watakwambia mabati ndiyo yanaita radi, ati ukiezeka nyasi uko sawa. Si kweli. Radi hufuata zaidi urefu wa kitu na mahali kilipo: kilima, mti, mlingoti, nyumba iliyo peke yake uwanjani. Shida ya mabati yetu ni kwamba yamewekwa juu ya mbao na kuta bila kuunganishwa na ardhi, kwa hivyo umeme ukishayafikia unakwama pale juu na kuanza kuruka. Nyumba ya nyasi nayo haina hata hayo mabati, na juu ya hayo inashika moto. Na ile hadithi kwamba simu ya mkononi inavuta radi, wachana nayo. Simu iliyo mfukoni haivuti chochote. Iliyo hatari ni simu iliyo kwenye chaja wakati wa ngurumo, kwa sababu hapo umejiunganisha na waya.

Sasa kinga yenyewe ni nini? Fundi wa stima atakwambia “arresta”. Usiogope jina, kitu chenyewe kina sehemu tatu. Juu ya paa kuna fimbo moja au zaidi za chuma, ambazo kazi yake ni kupokea radi kabla paa halijaipokea. Kutoka hapo kuna waya nene au utepe wa chuma unaoshuka nje ya ukuta kwa njia fupi na iliyonyooka, bila kona kali. Chini kuna vyuma vilivyozikwa ardhini ambavyo vinausambaza umeme huo kwenye udongo. Basi. Mtambo huu hauzuii radi isianguke wala hauifukuzi. Unaipa barabara yake ili isipite sebuleni.

Mmarekani Benjamin Franklin ndiye aliyetoa wazo hili katika karne ya 18, na mnamo 1752 fimbo za kwanza zikaanza kuonekana juu ya majengo ya Philadelphia. Hiyo ni miaka zaidi ya 270 iliyopita. Si teknolojia mpya, wala haisubiri satelaiti au intaneti ya kasi.

Lakini kuna mambo matatu ya kuchunga, maana hapa ndipo watu wetu huibiwa au hujidanganya.

La kwanza ni ardhi. Fimbo iliyo juu ya paa ambayo haijaunganishwa vizuri na ardhi ni mbaya kuliko kukosa fimbo kabisa, kwa sababu umemkaribisha mgeni na hukumwonyesha mlango wa kutokea. Usikubali jamaa wa kuchomelea nondo juu ya paa akakwambia kazi imeisha. Muulize atapima vipi. Fundi anayejua kazi ana mita ya kupima ukinzani wa ardhi, na lengo la kawaida ni omu 10 au chini yake. Udongo wa mawe au mkavu huhitaji vyuma vingi zaidi kuliko udongo wa majimaji. Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mwombe akuonyeshe hiyo leseni, na akwambie kazi yake inafuata kiwango gani. Kiwango cha kimataifa ni IEC 62305. Akikuangalia kama ambaye umemtukana, tafuta mwingine.

La pili ni wizi. Shaba ni pesa, na unajua vile watu wa vyuma chakavu wamesumbua nchi hii. Ilifika hatua Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara hiyo kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, zikiwemo nguzo kubwa za umeme. Mtu akikata ule waya unaoshuka ukutani na kwenda kuuza, nyumba inabaki na fimbo juu na njia imekatika katikati. Dawa ipo. Waya unaweza kuwa wa alumini au wa chuma kilichopakwa zinki, vitu ambavyo havina soko moto kama shaba, na ile sehemu ya chini ifunikwe kwa paipu ngumu. Kumbuka tu kwamba alumini haizikwi ardhini kwani inaliwa haraka. Na kila msimu wa mvua ukikaribia, mtu azunguke nyumba kuangalia kama waya bado upo na maungio hayajalegea. Hiyo kazi hata mtoto wa sekondari anaiweza.

La tatu ni vifaa vya ndani. Fimbo ya paa inaokoa nyumba na watu, lakini radi inaweza kupiga laini ya stima mbali na kwenu na wimbi la umeme likaingia kupitia waya. Ndiyo maana asubuhi unapigiwa simu kwamba TV, ruta na friji vyote vimeungua na nyumba haina hata alama. Kile kisanduku cha kulinda TV kilichonunuliwa dukani kimetengenezwa kwa ajili ya stima inayopanda na kushuka, si kwa ajili ya radi. Kinachohitajika ni kifaa maalumu cha kupunguza mawimbi ya umeme, kinachofungwa kwenye boksi kuu la stima. Kama kuna dishi, mlingoti wa antena au paneli za sola juu ya paa, hivyo pia viunganishwe na mfumo wa kinga. Na hata ukishaweka vyote, tabia ya kuchomoa plagi mapema kabla ya dhoruba haina gharama yoyote.

Nasikia swali lako: hii pesa itatoka wapi? Ni swali la haki. Gharama hutegemea ukubwa wa nyumba, urefu wa waya na aina ya udongo, kwa hivyo itisha bei kwa mafundi watatu kabla ya kuamua. Lakini tuulizane vizuri. Pesa za vigae vya sebule zilipatikana. Geti lenye maua ya chuma lilipatikana. Katika familia nyingi watoto wanne, watano wako mjini na kila mmoja anatuma kitu. Kinga ya radi ni kitu mnachoweza kuchanga mara moja mkamaliza, na kikitunzwa kinadumu miaka mingi. Kama nyumba bado inajengwa, inakuwa rahisi zaidi, kwa sababu vyuma vya ardhini vinazikwa wakati msingi bado uko wazi. Kwa hivyo mwambie fundi sasa, usingoje paa lipakwe rangi.

Kuna kikwazo kingine ambacho pesa haikiondoi, nacho ni imani. Sote tumekua tukisikia kwamba radi “imetumwa”. Wabukusu wa kale walisimulia kuhusu jogoo mkubwa mwekundu aishiye mawinguni: akitikisa mbawa ndiyo umeme, akiwika ndiyo ngurumo. Ni simulizi tamu na sina ugomvi nayo. Wala si Waafrika peke yao waliokuwa hivyo. Ulaya, kwa karne nyingi, watu walipanda kwenye minara ya makanisa kupiga kengele ili kufukuza dhoruba, na wapiga kengele wakawa wanakufa kwa radi kwa sababu walisimama mahali pa juu kuliko pote wakiwa wameshika kamba iliyoloa.

Ugomvi wangu ni pale simulizi inapotafuta mtu wa kulaumu. Radi ikiua mtoto kijijini, kabla hata ya mazishi kuna jina la nyanya fulani linanong'onwa. Wewe unajua minong'ono hiyo inaweza kufika wapi. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Kesi hiyo haikuwa ya radi, lakini mbegu ni ileile: msiba umetokea, hakuna aliyeeleza chanzo, basi atafutwe mzee wa kubebeshwa. Familia inayojua kwamba radi ni mkondo uliokosa njia haitafuta mchawi, inatafuta fundi. Kwa maoni yangu hiyo pekee ni sababu tosha ya kuweka ile fimbo. Inamkinga mama dhidi ya radi, na inamkinga nyanya wa jirani dhidi ya wanakijiji.

Imani hiyohiyo inaua kwa njia nyingine. Sehemu nyingi mtu akipigwa na radi watu wanaogopa kumgusa, wengine wakisema umeme bado uko mwilini, wengine wakisubiri atakaswe kwanza. Tafadhali shika hili na ulifikishe nyumbani: mwili hauhifadhi umeme wa radi. Mguse. Radi mara nyingi huua kwa kusimamisha moyo na pumzi, na mtu anayeonekana amekufa anaweza kurudi akianza kusaidiwa hapohapo. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Zile dakika za kusubiri mtakasaji ndizo dakika alizokuwa anazihitaji.

Na wewe unayesema uko Nairobi, haya hayakuhusu, pole pole. Unaishi kwa ploti ya ghorofa saba, juu kuna tangi za maji, waya za Wi-Fi na kamba za nguo. Umewahi kumuuliza keateka kama jengo lina kinga, na kama ipo, kama ule waya bado unafika chini? Uliza. Ukiwa nje na muda kati ya mwanga na ngurumo ni sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita kumi hivi na wewe tayari uko hatarini. Ingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa, hata matatu ni sawa, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Boda, tuktuk ya pembe wazi, mti na kibanda cha stejini hazikusaidii.

Tukimaliza nyumba zetu, twende kwa shule, kwa sababu hapo ndipo watoto wengi wanakuwa saa ile ya mawingu. Baada ya msiba wa Runyanya, shule hiyo iliwekewa mfumo wa kinga, na shirika la ACLENet lenye makao yake Kampala limeendelea kuziwekea shule nyingine za Uganda. Kwetu madarasa mapya hujengwa kwa pesa za NG-CDF na kufunguliwa kwa mbwembwe, mheshimiwa akikata utepe. Siku hiyo mtu mmoja ainue mkono aulize fimbo ya radi iko wapi. Vikao vya kutoa maoni ya wananchi vipo, na kurasa za wabunge mitandaoni ziko wazi. Tunajua kuchachisha mambo mtandaoni tukitaka. Hili nalo ni letu. Wanafunzi wa zamani pia wana vikundi vyao. Badala ya kila mara kununua basi na kombe, kikundi kimoja kinaweza kuanza na madarasa mawili ya shule yao ya zamani.

Kwa hivyo fanya hivi wiki hii. Ingia kwa ile grupu ya familia, katikati ya baraka za asubuhi na picha za harusi, uandike swali moja: “Nyumba ya wazazi ina kinga ya radi?” Kama jibu ni hapana, taja jina la atakayetafuta bei kwa mafundi watatu, na tarehe ya kuanza kuchanga, iwe kabla ya mvua za Machi au zile za Oktoba, kutegemea ipi iko karibu. Wataanza kukunyamazia. Kuna mjomba atakwambia siku ya mtu kufa ikifika imefika. Mjibu kwa heshima kwamba hata yeye hufunga mlango usiku kabla ya kulala, kisha utume mchango wako uwe wa kwanza.